Nyuma ya Magunia ya Mchanga

3 Machi

Sindano,

Flashi imefika salama. Nimeufungua mchezo wetu, nikaona ulivyoyafanya makazi, nikacheka kwanza, halafu nikanuna. Msimu mmoja tu nilikuachia, mdogo wangu. Mmoja! Watu saba tuliowalea tangu chombo chao kilipoanguka porini, leo wamebaki sita, na Mwalimu anachechemea.

Sikiliza, na safari hii usijitie hamnazo. Magunia ya mchanga si pazia la dirisha. Uliyapanga vizuri, yamenyooka kama mshono wako, lakini uliyapanga katikati ya shamba, halafu watu wako ukawasimamisha hatua sita nyuma. Gunia linamkinga anayeliegemea. Aliye mbali nalo ni kama yuko uwanjani. Na wavamizi walipofika walifanya nini? Walijilaza upande wao wa magunia hayo hayo, wakatupiga kutoka kwenye kinga tuliyowajengea kwa mikono yetu. Nimesoma taarifa ya vita mstari kwa mstari. Mpanda Mbegu amekufa kwa uzembe wako, na mazishi yake hukuyafanya, umemwacha pale pale kwenye mahindi.

Kwa hiyo: magunia yasogeze karibu na nyumba, watu wayaegemee. Mbele yake kata miti na ondoa mawe yote, adui akija akose pa kujibanza. Na kumbuka gunia linaishia kifuani, kichwa kinabaki nje. Asiyejua kupiga asikae hapo, akae ndani ya ukuta. Hasa mpishi. Sheria yetu unaijua: wengine wote wanaweza kufa, lakini Mama hafi. Tulimpa mpishi jina hilo wenyewe, basi tumtunze.

Huku kazi imepamba moto. Mashine ya kusaga kokoto haizimwi, napiga zamu mbili, nikirudi nacheza robo saa tu na macho yanajifumba. Simu usihangaike nayo, machimboni mtandao hakuna. Kila kitu mpe Dereva akija huko kupakia saruji, kama siku zote.

Na Mama mwenyewe, wa nyumbani, hajambo? Mwambie mkataba unaisha mwezi wa saba. Nikija nakaa mwezi mzima, na sitaki kusikia habari ya kupasua kuni wala kuziba paa.

Kaka

14 Machi

Kaka,

Asante kwa mhadhara. Mimi ni fundi cherehani, vita sikusomea, lakini naona wewe machimboni huko wamekupa cheo cha jenerali na hujatuambia.

Magunia nimeyasogeza. Yako hatua mbili kutoka ukutani, na kila mtu ana gunia lake la kuegemea. Miti ya mbele nimeikata yote, hata ule mmoja ulioupenda. Wavamizi walikuja tisa, wakakosa pa kujibanza, wakarudi wanne. Mpanda Mbegu nimemzika. Haya, sema sasa.

Ila kuna kitu hukunifundisha na nimekigundua mwenyewe: hao wanne, kabla ya kukimbia, walizunguka wakaja ubavuni. Magunia yanakinga mbele tu. Mwalimu nusura tumpoteze tena, maskini, huyo mtu kazaliwa na mkosi.

Mama hajambo. Anakusalimu sana na anasema ule, usishindie chai. Juzi alinikosoa pindo la sketi mbele ya mteja, mteja akacheka, mimi nikafumua. Kwa hiyo unaona yuko vile vile.

Barua ni fupi kwa sababu shule zinafungua na sare zimenijaa mpaka kwenye kiti. Flashi nimeifunga kwenye kitambaa, usikitupe.

Sindano

14 Machi

Ndugu Dereva,

Barua yenye flashi ni ya Kaka. Hii ni yako. Ukishaisoma ichane.

Jana ulipoingia kumsalimu Mama niliuona uso wako. Hukusema kitu na nakushukuru. Miguu yake imevimba hata viatu haviingii tena, na kutoka kitandani hadi dirishani anapumzika mara mbili. Ni moyo. Daktari anasema ni miezi, nikimuuliza mingapi anaangalia karatasi zake.

Nakuomba usimwambie Kaka. Msimamizi wao aliwaambia wazi kwamba atakayeondoka kabla ya mkataba kuisha asirudi tena. Kazi ile kaitafuta miaka mitatu, akizunguka na vyeti kwenye bahasha mpaka bahasha ikachanika. Nikimwambia atakuja, namjua, ataruka hata dirishani. Mama mwenyewe kaniapisha: mwache mwanangu afanye kazi, atanikuta. Amesema hivyo, lakini kila lori likipita barabarani anainua kichwa.

Niahidi.

Fundi

16 Machi

Fundi,

Nimeahidi. Sikupenda, lakini nimeahidi.

Mimi kuandika si kazi yangu, nitasema kidogo. Ningekuwa wewe ningemwita. Mengine si yangu kuyasema. Mpe Mama pole, mwambie yale machungwa niliyomletea yalikuwa yake peke yake, asigawe.

Dereva

28 Machi

Sindano,

Sasa umenifurahisha. Wanne kurudi kati ya tisa, na wewe ukabaki na watu wote! Nimesimulia mpaka jirani yangu wa chumba amenichoka.

Hilo la ubavuni ni kweli. Ndiyo maana msimu huu nimejenga upya. Fungua uone mwenyewe. Magunia mistari mitatu, kila mstari una kona zake ili anayekuja ubavuni naye akutane na kifua cha mtu. Kati ya mstari na mstari nimeacha uwazi mdogo wa kupita, maana kuruka juu ya magunia kunachelewesha na anayechelewa anapigwa. Ukuta wa nje nimeubadilisha wote, miti nimetoa, nimeweka mawe ya kuchongwa, tofali kwa tofali. Na Mama nimemhamishia jiko jipya katikati kabisa, ghala la chakula liko humo humo, magunia na mawe pande zote nne. Hata dunia ianguke, yeye atakuwa anakoroga sufuria.

Usibomoe kitu. Cheza msimu mmoja, angalia inavyofanya kazi, unirudishie.

Yote hayo nimeyafanya kwenye vipande vya muda, robo saa hapa, robo saa pale. Kazi bado ni ile ile. Vumbi la kokoto limeniingia mpaka kwenye ndoto.

Mama umemsomea barua iliyopita? Amesema nini? Usiniandikie tu "hajambo", andika maneno yake.

Kaka

11 Aprili

Kaka,

Flashi yako imefika lakini leo sikurudishii. Kompyuta ya dukani imegoma, inawaka na kuzima, fundi wake kasafiri. Nimeiweka flashi kwenye kopo la vifungo, haitapotea. Vumilia.

Ulitaka maneno ya Mama. Haya. Nilipomsomea barua yako alisema: "Muulize kama bado anajikuna sikio akisoma." Kisha akasema nikuandikie kwamba yule mpishi wenu mumpe mtu wa kumsaidia kuosha vyombo, watu sita ni wengi kwa mtu mmoja. Halafu akalala.

Mwandiko usiucheke. Naandikia magotini leo.

Sindano

12 Aprili

Fundi,

Nilipita hospitalini kuchukua barua, ukawa umesinzia kwenye kiti. Sikukuamsha. Barua nimeitoa mkononi mwako.

Mama alikuwa macho. Akaniuliza barabara ikoje siku hizi, na mtu akitoka machimboni asubuhi atafika hapa lini. Nikamwambia kesho yake jioni. Akahesabu kwa vidole.

Mwite. Kazi si kitu, Fundi. Nakuomba. Mwite.

Dereva

25 Aprili

Sindano,

Lori limekuja mara mbili bila flashi. Mara ya kwanza kompyuta imegoma. Leo hata barua hakuna, na Dereva nikimuuliza anaangalia matairi. Hivi mnanionaje?

Kama umeyaangamiza makazi, sema. Kama umewaua wote sita, niandikie, "Kaka, nimewaua," nitakasirika siku mbili na yataisha. Lakini kunikalia kimya ni dharau. Wewe uko nyumbani. Unakula mkono wa Mama, unasikia sauti yake ikikugombeza, jioni unakaa naye mlangoni. Mimi nina nini? Nina mchezo mmoja wa kitoto na dada mmoja wa kucheza naye, na hata huo umeona unakupunguzia wakati wako.

Siombi kitu kingine. Nirudishie flashi.

Kaka

27 Aprili

Kaka,

Barua yako imenikuta nafua mashuka ya Mama.

Amefariki Jumanne asubuhi. Tumemzika Jumatano. Alikuwa mgonjwa wa moyo tangu mwezi wa pili na sikukwambia, kwa sababu alinikataza na kwa sababu nilijua ungeacha kazi. Simu yako nilipiga Jumanne mara nyingi, nikijua haipatikani, nikapiga tu.

Hakuumia sana. Hilo ni kweli, silisemi kukufariji.

Usiache kazi sasa. Mambo yamekwisha, ukija utakuta udongo. Maliza mkataba, kama alivyotaka.

Kompyuta haikugoma.

Sindano

30 Aprili

Miezi miwili na zaidi! Kila barua "Mama hajambo, Mama anakusalimu". Unanichekesha kwa pindo la sketi na mama yangu hawezi kuvaa viatu! Dereva kaniambia habari ya viatu leo, baada ya kila kitu.

Nani alikupa ruhusa ya kunichagulia? Ungeniita ningekuja siku ile ile. Unanielewa? Siku ile ile, hata kwa miguu. Alinitaka mimi. Nimemuuliza Dereva kama alinitaka, akaniambia alihesabu siku kwa vidole. Umemwacha mama yangu ahesabu vidole ili mimi nisikose kokoto.

Usiniandikie.

11 Mei

Kaka,

Umeniambia nisikuandikie. Nakuandikia.

Jana nimerudi dukani mara ya kwanza. Mteja alitaka vifungo vyeusi vinne. Nikamimina kopo, flashi yako ikaanguka mezani. Ilikuwa imekaa humo tangu Aprili. Nilikuwa na lile kopo hospitalini, Kaka. Nilikuwa nashonea vifungo kwenye sare nimekaa kando ya kitanda chake, kopo likiwa juu ya kikabati chake, pembeni ya glasi ya maji.

Nimeifungua. Unajua mchezo wetu unaandika nini chini ya jina la makazi kila unapouhifadhi? Saa zilizochezwa. Huwa hatuangalii, nani ana haja. Lakini ule ukuta wa mawe nilipouona nilijiuliza robo saa zako ni za saa ya wapi. Flashi niliyokutumia mimi tarehe 14 Machi ilisoma saa mia mbili na sita. Uliyonirudishia tarehe 28 inasoma mia tatu na thelathini na saba.

Saa mia moja na thelathini na moja katika wiki mbili. Nimegawanya kwa kalamu ya chokaa ile ya kuchorea vitambaa, nikagawanya tena. Ni zaidi ya saa tisa kila siku, Jumapili ikiwemo. Na zamu mbili za mashine ulizipiga saa ngapi?

Sitaki kukisia. Sema mwenyewe.

Na ule ukuta wa Mama. Umemzungushia mawe na magunia pande zote mpaka ukasahau kuweka mlango. Wenzake wanazunguka nje na njaa, yeye yuko ndani na ghala lote, anakoroga. Nilisimamisha mchezo nikamwangalia. Kisha nikaufunga.

Sindano

16 Mei

Sindano,

Nilimwaga unga tangu tarehe 8 Februari. Mashine kubwa ilipasuka, wakapunguza watu kumi na wawili, jina langu likawa la nne kwenye karatasi. Sikufanya kosa lolote, kwa hiyo hata la kujitetea sikuwa nalo.

Nimepanga chumba nyuma ya gereji, hapa mjini, nusu saa kutoka machimboni. Mtandao upo. Simu niliizima mwenyewe, ungesikia nyundo za gereji ukaniuliza. Asubuhi natoka kutafuta kazi mpaka saa nne, halafu miguu inanirudisha. Nafungua kompyuta na kujenga ukuta. Ukuta unajengeka, hiyo ndiyo raha yake. Unaagiza mawe, watu wanabeba, jioni umesimama.

Ningewaambiaje? Mama alishatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anaendesha mashine kubwa kuliko nyumba. Nilisema nitapata kazi nyingine kabla ya mwezi wa saba na hakuna atakayejua. Nilimwogopa yeye, Sindano. Niliogopa uso wake atakapojua.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unailinda kazi ambayo haikuwepo. Na mimi nilikuwa nyumba moja na simu, nauli ya lori ni bure kwa Dereva, sina zamu, sina msimamizi, sina hata jogoo wa kuniamsha. Ningefika kesho yake jioni.

Dereva alijua. Alikuwa anakunywa chai kwenye kitanda changu kila wiki. Alijua ya kwangu, na sasa naambiwa alijua ya kwenu. Sitamsamehe huyo mtu.

Nirudishie flashi. Najua ni ujinga. Mle ndani bado anapika.

Kaka

20 Mei

Kwenu nyote wawili,

Nimeandika nakala mbili, maneno ni yale yale, msije mkasema nimemwambia huyu hivi na yule vile.

Februari, Kaka alinishika mkono akasema, Dereva, niapie hutawaambia nyumbani. Nikaapa. Machi, Fundi akaandika, niahidi. Nikaahidi. Tangu hapo nimeendesha barabara ile mara kumi na moja nikiwa na siri mbili kwenye kabini moja, na nikilegeza mdomo popote namsaliti mtu. Kila mmoja wenu aliniambia anafanya hivyo kwa ajili ya mwenzake. Fundi, nilikuandikia kazi si kitu. Ulidhani nini? Kaka, nilikwambia mara tatu nenda kamsalimu mama yako, ukaniambia una msimu haujaisha.

Ningevunja ahadi. Naliona hilo sasa, nililiona hata wakati ule. Siku ile Mama aliponiuliza habari ya barabara ningegeuza lori bila kupakia. Nilisema kuvunja ahadi ni kitu kibaya. Nilikuwa najihurumia mimi, nisije nikachukiwa.

Barua zenu sibebi tena. Nabeba saruji.

Dereva

14 Juni

Sindano,

Hii naisukuma chini ya mlango, utaikuta ukiingia.

Nimekuja. Basi limenishusha saa kumi. Nilipanga maneno njia nzima. Nilikuja kukuomba msamaha, na kudai wa kwangu pia, na kuonyeshwa kaburi. Nilipofika kwenye kona nikaona viatu vya Mama bado viko mlangoni, vile vya bluu, umevigeuza visiingiwe na mvua.

Nikajibanza nyuma ya ukuta wa jirani. Ulikuwa uani unaanua nguo. Umekonda. Nilikaa pale muda mrefu nikijiambia akimaliza shuka lile nitatoka, akimaliza gauni lile nitatoka. Ukamaliza, ukaingia kwa mlango wa nyuma. Nina ujasiri wa kutembea mpaka mlangoni na kuisukuma barua hii tu, mkono wa kubisha hauinuki. Usinitafute. Flashi kaa nayo.

Nisamehe hata kwa hili.

Kaka

15 Juni

Kaka,

Naituma kwa posta, na sijui kama bado uko nyuma ya gereji.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba gunia linaishia kifuani na kichwa kinabaki nje. Ukuta wa jirani ni mfupi kuliko gunia, na wewe ni mrefu kama baba. Nilikuona tangu uliposimama. Ulikuwa unajikuna sikio.

Sikukuita. Nilisema safari hii sitamchagulia, atoke mwenyewe. Nilikuwa na hasira pia, siwezi kukuficha, sitaki kukuficha kitu tena. Nikaanua nguo zote, nikaona hujatoka. Nikazitundika upya moja moja, nikaanza kuzianua tena. Nilifanya hivyo mara tatu. Jirani alinichungulia dirishani akadhani nimechanganyikiwa.

Zile nguo zilikuwa zimekauka tangu mchana.

Sindano